Mgongo wa Mama Mdogo Somoe

Nilipokuwa mtoto wa miaka saba nilipewa kazi ya kukanyaga watu. Walilala kifudifudi kwenye mkeka, nami nikapanda juu yao kwa miguu mitupu, nikatembea kutoka kiunoni hadi mabegani, nikashuka na kwenda zangu kula. Kijijini kwetu, upande wa Mnyambe, hapakuwa na mtu mzima asiyeijua miguu yangu, na nadhani wengine waliijua kuliko sura yangu. Leo nina miaka arobaini na ushee na bado natibu migongo ya watu, ila sasa natumia mikono, na nina cheti kilichobandikwa ukutani. Miguu naivalisha viatu.

Yote hayo ni kwa sababu nilizaliwa nimetanguliza miguu. Mama aliteseka siku mbili, na nilipotoka hatimaye, miguu kwanza na kichwa mwisho, mkunga alimwambia Bibi kwamba nyumba yake imepata dawa. Kwetu iliaminika kwamba mtoto aliyekuja duniani kwa miguu anaweza kuukanyaga mgongo unaouma ukapona. Bibi, mama yake mama yangu, ndiye aliyekuwa na kauli nyumbani, na aliipokea habari hiyo kwa furaha kuliko alivyonipokea mimi. Alinitunza vizuri, kama mtu anavyotunza cherehani aliyoachiwa na marehemu.

Migongo inayouma haikukosekana. Sisi tuko juu ya uwanda na maji yako chini bondeni. Wanawake waliteremka alfajiri na ndoo tupu, wakapanda na ndoo zilizojaa kichwani, na wakati wa kiangazi safari moja iliweza kula nusu ya siku. Wakifika nyumbani wanakutana na jembe, mikorosho inataka kupaliliwa, muhogo unataka kuchimbwa. Mwanamke akifika miaka thelathini, mkono mmoja umekwisha kuhamia kiunoni. Maumivu hayo tuliyaita mgongo wa maji, na siwezi kusema uongo, wengi niliowakanyaga kwa ajili ya mgongo wa maji waliinuka wamepata nafuu. Nitaeleza baadaye kwa nini.

Kazi ile ilikuwa na masharti yake. Ilifanyika jua likichomoza, mgonjwa amelala kizingitini, kichwa nje na miguu ndani. Mimi nilitoka kitandani moja kwa moja, sijanawa uso, sijala, sijasema neno na kiumbe yeyote. Kwetu mtoto anayewapita wakubwa asubuhi bila kusema shikamoo huonekana hakulelewa, lakini asubuhi hizo nilipita kimya mbele ya wazee wazima na hakuna aliyenigombeza. Nilianza na mguu wa kushoto, nikapanda na kushuka mara nne, sikugeuka nyuma, na hayo yakarudiwa asubuhi nne mfululizo. Sikuruhusiwa kumwuliza mgonjwa anaumia wapi, maana miguu ya dawa ilisemekana inajua yenyewe.

Na mgonjwa hakuruhusiwa kutoa sauti. Sharti hilo Bibi alilisisitiza kuliko yote. Alisema mgonjwa akipiga kelele akiwa chini ya mguu, maumivu yanamtoka yeye na kumwingia mtoto, na mtoto atakuwa kiwete maisha yake yote. Kwa hiyo watu waliuma nguo. Nimewaona wanaume wenye ndevu zao wakiuma vilemba, machozi yanawatiririka, na hawatoi hata mguno, kwa kuniogopea mimi. Nilijiona mtu mkubwa sana. Baada ya kazi nililetewa yai la kuchemsha au ndizi mkono mzima, nikala nikiwa nimekunja nne kama mwenyekiti wa kijiji.

Mtu mmoja tu alinicheka, naye alikuwa mama mdogo Somoe.

Somoe alikuwa kitinda mimba wa Bibi, mdogo wake mama, na wakati huo alikuwa na miaka kumi na tisa. Ndiye aliyenibeba mgongoni nilipokuwa mchanga, kwa sababu mama alichelewa kupona uzazi wangu. Mama alisema nilikataa mgongo mwingine wowote, nililia mpaka nifungwe kwenye ule. Nilipokua tulilala kitanda kimoja. Alikuwa mrefu, mwepesi wa maneno, na aliniita daktari wa matope, kwa sababu nilipanda kitandani bila kunawa miguu. "Wewe daktari wa matope," aliniambia, "kabla hujatibu watu ungetibu kwanza hayo magaga." Kisha alinivuta miguu na kuniosha mwenyewe, kidole kwa kidole.

Mwaka niliotimiza miaka tisa Somoe alichumbiwa. Mchumba alikuwa fundi cherehani wa Newala mjini, kijana mpole mwenye tepu ya kupimia shingoni siku zote, na harusi ilipangwa baada ya msimu wa korosho. Gauni alilishona mwenyewe. Alilileta kulijaribisha, likawa linapwaya kiunoni, akalirudisha kulipunguza. Wiki chache baadaye akalileta tena, na tena lilipwaya. Alicheka, akasema labda tepu yake imevutika. Sasa hivi nikikumbuka lile gauni lililopunguzwa mara mbili nashikwa na hasira, kwa sababu ugonjwa wote ulikuwa umeandikwa pale, nasi tulikuwa tukichomeka pini.

Mgongo ulikuwa umemwanza tangu mvua zilipokatika. Mwanzoni ulikuwa mgongo wa maji kama wa wenzake, au tulidhani hivyo. Lakini mgongo wa maji ukilala unapumzika, na wa Somoe ulikuwa haupumziki. Mimi niliyelala naye nilijua. Jioni mwili wake ulikuwa wa moto, na nikiamka upande wangu wa shuka ulikuwa umelowa jasho lake. Watu walisema bibi harusi yeyote hukonda kwa mawazo. Mama alisema apelekwe hospitali ya misheni kule Ndanda akapimwe, lakini alisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, kwa sababu Bibi alikuwa amekunja uso. Bibi aliona aibu upande wa mwanamume wasikie mkwe wao analazwa kabla ya ndoa. Tena aliumia moyo, nadhani, kwamba binti yake mwenyewe ndiye anayetaka kuipita dawa ya nyumbani.

"Ndanda mnakwenda kutafuta nini," aliuliza, "wakati dawa inalala kitanda kimoja na mgonjwa?"

Somoe alinitazama akacheka kidogo, akasema sawa, daktari wa matope na anitibu, ila anawe miguu kwanza. Bibi akasema miguu haioshwi. Ikapangwa kesho yake.

Asubuhi hiyo ya kwanza naikumbuka mpaka rangi ya mkeka. Somoe alilala kizingitini, amefunga kanga kifuani, na pembe ya kanga ameiweka mdomoni tayari. Nilipanda kwa mguu wa kushoto. Nilifika katikati ya mgongo, na chini ya unyayo nikakuta kitu. Ilikuwa nundu ndogo, ngumu, ukubwa wa korosho isiyobanguliwa, imetokeza hasa kwenye uti wa mgongo, na ngozi yake ilikuwa na joto kuliko sehemu nyingine. Mgongo ule niliujua. Nililelewa juu yake. Haukuwa na kitu kile.

Somoe alikakamaa mwili mzima. Pumzi yake ilikatika, nikahisi mbavu zake zimesimama chini yangu, hazipandi wala hazishuki. Nilitaka kuuliza. Swali lilikuwa pale pale mdomoni, neno moja tu, hapa? Lakini ulimi wangu ulikuwa umefungwa na masharti, na yeye wake umefungwa na yale yale, na Bibi alikuwa amesimama uani akihesabu safari zangu kwa vidole. Nikakanyaga nikapita. Nikarudi nikakanyaga tena, mpaka nne zikatimia.

Nilipokwisha kula nilimwambia Bibi kuhusu ile nundu. Nilitegemea atashtuka. Badala yake uso wake ulichanua.

"Umeigusa?" aliuliza.

"Nimeigusa, Bibi."

"Basi ugonjwa umejionyesha wenyewe. Huo ni mfupa umetoka mahali pake. Kesho ukifika hapo usipite mbio, mke mwenzangu. Simama hapo, uurudishe ndani."

Nilifurahi. Nataka niseme ukweli huu bila kuupamba: nilifurahi sana. Kwa mara ya kwanza sikuwa natembea tu juu ya watu, nilikuwa nimegundua kitu. Asubuhi ya pili nilisimama juu ya nundu. Ya tatu nilisimama kwa miguu yote miwili na kujikaza niwe mzito. Somoe hakutoa sauti. Mchana wake alitembea taratibu akishika kuta, na alipokwenda kuanua nguo alijikwaa mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kujikwaa. Aliniambia tu kwamba nyayo zake zinawashwa kama zimekanyaga upupu. Nilidhani ni dawa inafanya kazi, nikamwambia hivyo, naye akaniitikia, "Haya."

Asubuhi ya nne nilipanda, nikafika pale, nikasimama, na kitu kikashuka chini ya mguu wangu. Hakikulia. Kilishuka tu, kidogo, kama udongo wa kisima unavyotitia ukiukanyaga. Mkeka ukalowa upande wa mapajani, na Bibi akasema alhamdulillahi, maji ya ugonjwa yanatoka. Nikamaliza safari zangu, nikashuka, sikugeuka nyuma.

Nilikuwa nimekwisha kukaa jikoni na kikombe cha uji niliposikia Somoe akimwita mama. Hakupiga kelele hata wakati huo. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Dada, miguu yangu iko wapi?"

Tulikimbia. Alikuwa ameinua kifua kwa mikono, anaangalia nyuma, na miguu yake imelala pale mkekani, mirefu, haijishughulishi naye. Mama alianza kumpapasa mapaja akimwuliza anasikia, anasikia. Na Bibi, nitalikumbuka hili mpaka nazikwa, hakumtazama Somoe kwanza. Alinishika mimi begani akanitazama miguu.

"Ruka," aliniambia.

Nikaruka.

"Tena."

Nikaruka tena. Bibi akashusha pumzi ndefu, ndipo akageuka kwa binti yake. Wakati ule nilidhani hampendi. Sasa najua alikuwa akihesabu hasara, akitaka kujua ni jozi ngapi za miguu zimekwenda.

Siku tatu zilipotea kwa kungoja miguu irudi yenyewe, na kwa hirizi, na kwa kutafuta gari. Siku ya nne tulimlaza kwenye godoro nyuma ya lori lililokuwa likishuka Masasi na magunia, na kutoka Masasi tukampeleka Ndanda kwa Landirova ya mtu. Nilipelekwa na mimi kwa sababu nilikataa kula. Daktari alimpiga picha, akamwita mama, akamwonyesha kwenye kioo chenye taa. Alisema ni kifua kikuu, lakini kimeingia kwenye mifupa ya uti wa mgongo. Mama alibisha, akasema mdogo wake hakohoi. Daktari akamweleza kwa upole kwamba ugonjwa huo hauishi kifuani tu, unaweza kutafuna pingili za mgongo taratibu kwa miezi, na dalili zake ni zile zile: homa za jioni, jasho, kukonda, maumivu yasiyosikia kulala. Pingili moja ilikuwa imelika mpaka ikabonyea, ikabana mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni. Kisha akauliza swali lake. Alitaka kujua kama mgonjwa alianguka siku za karibuni, au kama kuna kitu kilimgonga mgongo.

Mama alinitazama. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kitanda na miguu yangu mitupu kwenye saruji baridi.

"Aliteleza akitoka majini," alisema mama.

Daktari akaandika. Ndivyo ilivyobaki, kwenye faili na kwenye midomo ya watu wetu wote, kwamba Somoe aliteleza mlimani na ndoo. Hakuna aliyekubaliana na mwenzake kusema hivyo. Nyumba nzima iliufuata ule uongo wa mama, na mimi nikaufuata pia. Dawa zilikiua kifua kikuu baada ya miezi mingi. Miguu haikurudi. Yule fundi alikuja mara moja na kilo mbili za sukari, akakaa kwenye kigoda, akaaga vizuri. Gauni lilibaki kwake, na nilisikia kwamba mwaka uliofuata aliyafumua mapindo yale mawili ya kiunoni, likamtosha mwingine.

Mimi sikuitwa tena kukanyaga mtu. Watu wakija Bibi aliwaambia mtoto amekua, dawa imeisha miguuni. Hakunilaumu hata siku moja, wala hakujilaumu mbele yangu. Alimwogesha Somoe kwa mikono yake, akamgeuza kila asubuhi, mpaka alipokuwa yeye mwenyewe wa kugeuzwa.

Watu wakisikia habari za maisha yangu hupenda kusema nilisomea tiba ya viungo kwa sababu ya Somoe. Ingekuwa hivyo ningejiona mtu mwema. Kweli ni kwamba nilifaulu, nikapangiwa chuo kule Moshi, na nilipoona neno mgongo kwenye ratiba ya masomo nilitaka kurudi nyumbani. Nilibaki kwa sababu ya nauli ya watu niliyokwisha kuila. Miaka mingi baadaye, nikiwa kazini, ndipo nilipokutana na mwalimu aliyenifundisha kutumia mikono vizuri. Alikuwa mama wa makamo kutoka Tanga aliyesomea nje ile tiba iitwayo osteopathia, akaja kutufundisha wiki kadhaa.

Alikuwa na mikono midogo, na alitukataza kubonyeza chochote siku nzima ya kwanza. Tuliweka viganja tu kwenye mgongo wa mwenzetu na kungoja. Alisema mwili ni kitu kimoja kilichounganika, mfupa, msuli, mshipa na pumzi, na sehemu moja ikikwama nyingine hubeba kazi yake mpaka ichoke. Kiuno kinaweza kuuma kwa sababu ya nyonga iliyokakamaa, kichwa kikauma kwa sababu ya shingo. Tabibu hupapasa atafute penye mkwamo, kisha kwa mikono hunyoosha msuli uliojikunja, hukichezesha kiungo taratibu ndani ya mwendo wake, hubonyeza na kuachia, ili maumivu yapungue na mwili upate nafasi ya kujirekebisha wenyewe. Niliuliza kuhusu kurudisha mfupa uliotoka mahali pake. Alinitazama juu ya miwani. Alisema mifupa ya mgongo haichezi ovyo namna hiyo, na ile milio tunayoisikia ikialika si mifupa inayorudi nyumbani. Mkono hautengenezi mfupa uliovunjika, hautibu uvimbe, hautibu kifua kikuu, na mtu akija na homa, na kukonda, na maumivu yanayomwamsha, na ganzi miguuni, mkono unakaa mfukoni mpaka picha ipigwe. Nilitoka nje ya darasa nikaenda kusimama chooni.

Kwa hiyo sasa naelewa kwa nini wale wa mgongo wa maji waliinuka na nafuu. Misuli yao ilikuwa imekaza kwa kazi, na uzito wa mtoto uliilegeza kwa siku mbili tatu. Dawa haikuwa katika kuzaliwa kwangu. Mtoto yeyote mzito wa kiasi angefanya kazi ile ile, na yeyote angeweza kumvunja Somoe.

Kliniki yangu iko Masasi, na wazee wa kwetu wanateremka kunitafuta. Mwezi uliopita alikuja mmoja wa Mnyambe, mkono kiunoni. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, nikaanza kumwuliza. Inauma wapi, tangu lini, ukilala inakuwaje, umekonda, miguu ina ganzi, haja ndogo unaizuia? Alinisikiliza mpaka akachoka.

"Mwanaidi," alisema, "mimi nakujua tangu unakojoa kitandani. Acha maswali ya polisi, vua viatu unikanyage."

Nilicheka, maana alikusudia nicheke. Nilimlaza kwa upande, nikamkuta nyonga zimefunga kabisa kwa miaka ya jembe, nikazifanyia kazi nusu saa, nikamfundisha mazoezi ya kufanya nyumbani. Aliinuka akainama akagusa magoti, jambo ambalo lilikuwa limemshinda tangu mavuno. Akasema kumbe dawa ilipanda tu kutoka miguuni ikaja mikononi. Sikumbishia. Nilimwambia jambo moja ambalo namwambia kila anayelala kwenye kitanda kile, kwamba nikimwumiza apige kelele.

Somoe aliishi akiwa amekaa kwa zaidi ya miaka thelathini. Alibangua korosho, alifuma, aliwalea watoto wangu wawili kwenye mkeka, akawatania kama alivyonitania mimi. Nilimwosha vidonda vyake kila nilipopanda Newala, mapajani na makalioni, lakini mgongo wake niliukwepa. Daima kulikuwa na mtu mwingine wa kuuosha, nami nilihakikisha yupo. Siku moja, miaka minne iliyopita, nikiwa nimemshika mguu wake mmoja namkunja goti ili lisikakamae, nilimwuliza ghafla bila kujipanga.

"Mama mdogo, asubuhi zile, ilikuuma?"

Alielewa mara moja ni asubuhi zipi. Hatukuwahi kuzitaja.

"Iliniuma mwanangu, sina namna ya kukueleza. Ile ya kwanza tu nilitaka kufa."

"Sasa kwa nini hukupiga kelele?"

Alinishangaa, kana kwamba nimeuliza kwa nini watu wanakula. "Ungekuwa kiwete."

"Lakini wewe hukuyaamini mambo yale. Ulikuwa unanicheka."

"La miguu yako kuponya watu, sikuliamini hata kidogo," alisema. "Lakini lile la kelele, je kama lilikuwa kweli? Wewe ungejaribu? Kwa mtoto?"

Niliendelea kumkunja goti na kulinyoosha. Kwa elimu niliyo nayo najua kwamba pingili ile ilikuwa imekwisha kuoza, ingeweza kubonyea akiinua ndoo au akipiga chafya. Najua pia kwamba mtoto wa miaka tisa aliyejikaza awe mzito ni mzigo mkubwa kwa mfupa uliooza. Hayo mawili nayajua kwa pamoja, na moja halifuti jingine. Lakini hilo la tatu sikulijua mpaka siku ile. Mguno mmoja tu asubuhi ya kwanza, na Bibi angenishusha mbio kwa hofu ya miguu yangu, na mama angepata nafasi ya kusema Ndanda kwa sauti ya juu. Somoe aliuzuia mguno huo asubuhi nne, akauma kanga, ili mimi nitembee.

Alifariki mwaka juzi. Kidonda kimoja kiliingia ndani, sumu ikaenea kwenye damu, na safari hiyo hospitali haikuwa na la kufanya. Wanawake walipojifungia chumbani kumwosha, niliomba niwemo, na walipomgeuza kwa ubavu nilisema nipeni mimi mgongo. Alikuwa mwepesi sana. Niliushusha mkono wangu kutoka shingoni, pingili moja baada ya nyingine, kama ninavyofanya kila siku ya kazi, mpaka nikafika. Ilikuwepo. Ilikuwa kubwa kuliko niliyoikumbuka, imechongoka, na haikuwa na joto tena. Nilikuwa nimeikanyaga asubuhi nne, na sikuwahi kuigusa kwa mkono.

Niliweka kiganja pale nikakiacha, nikangoja kidogo, kama nilivyofundishwa.

"Hapa?" nilimwuliza.

Mmoja wa wanawake aliendelea kumimina maji polepole, nami nikaendelea kuosha.